Knute Rockne: Kocha Aliyeongozwa Kanisani na Wanafunzi Wake

Tunaposoma habari za watu walioingia katika Kanisa Katoliki wakiwa wamekwisha kukomaa, mara nyingi tunakutana na padre aliyewafundisha, kitabu kilichowagusa au ugonjwa uliowaamsha. Habari ya Knute Rockne imechukua njia nyingine. Yeye alikuwa mwalimu wa michezo, na walioufungua moyo wake ni wanafunzi wake mwenyewe, vijana wenye umri wa miaka ishirini hivi. Hawakumhubiria wala hawakubishana naye. Waliamka mapema kwenda Misa, naye akawaona.

Ili kumwelewa mtu huyu yatupasa kwanza kuufahamu mchezo uliomjengea jina.

Mchezo uliokaribia kupigwa marufuku

Mpira wa Kimarekani si kandanda tunayoicheza katika viwanja vyetu. Ni mchezo wa watu 11 kila upande, wenye mpira mrefu uliochongoka ncha mbili. Mchezaji huubeba mikononi na kukimbia nao, huku wapinzani wakimkamata na kumwangusha chini. Mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya vyuo ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869 kati ya Rutgers na Princeton, ingawa siku ile mchezo ulifanana zaidi na kandanda. Miaka ya 1880, Walter Camp wa Chuo cha Yale aliongoza mabadiliko ya sheria yaliyoupa mchezo sura yake ya pekee. Kutoka vyuoni ukashuka katika shule za sekondari, na muda si mrefu kila mji ukawa na timu ya shule iliyobeba fahari ya wenyeji.

Lakini ulikuwa mchezo wa hatari. Wachezaji walishikana mikono na kusonga mbele kama ukuta, wakimponda aliyesimama njiani, na wengi hawakuwa na kofia za kukinga kichwa. Katika mwaka 1905 vijana wasiopungua 18 walipoteza maisha uwanjani, wengi wao wanafunzi wa sekondari. Baadhi ya vyuo viliufuta mchezo kabisa. Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu viongozi wa michezo wa vyuo vikubwa na kuwataka waurekebishe. Ndipo mwaka 1906 sheria mpya zikaruhusu mpira urushwe mbele kwa mkono, ili wachezaji watawanyike uwanjani badala ya kurundikana. Timu ya kwanza kurusha pasi hiyo kwa halali ilikuwa ya chuo cha Wayesuiti, Chuo Kikuu cha Saint Louis, mwezi Septemba mwaka huohuo.

Yafaa tukumbuke pia kwamba mwezi Desemba 1905 Papa Pius X alitoa hati ya kuwahimiza waamini kupokea Komunyo mara kwa mara, hata kila siku. Hakuna aliyeweza kudhani kwamba hati hiyo na mchezo huo wa kuangushana vingekutana siku moja katika maisha ya mtu mmoja.

Mtoto wa mhamiaji

Knute Rockne alizaliwa tarehe 4 Machi 1888 mjini Voss, nchini Norwei, katika familia ya Kilutheri. Baba yake, Lars, alikuwa fundi wa magari ya kukokotwa na farasi. Alisafiri kwenda Chicago kwa ajili ya maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1893, na familia ikamfuata. Knute alikuwa na umri wa miaka mitano. Kiingereza alijifunza mitaani, na mpira aliufahamu katika viwanja vitupu vya kitongoji cha Logan Square, ambako watoto wa wahamiaji wa mataifa mbalimbali walikutana.

Wazazi wake waliuogopa mchezo huo, wakamkataza. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba alihamia mchezo wa besiboli ili kuwatii, akavunjwa pua kwa gongo, kisha akarudi nyumbani na kuwaonyesha wazazi kwamba mchezo waliouona salama ndio uliomwumiza. Wakamruhusu arudi kwenye mpira.

Aliondoka sekondari bila kumaliza. Kwa miaka kadhaa alifanya kazi katika posta ya Chicago, akipanga barua na kuweka akiba, kwa nia ya kufikisha dola 1,000 zimwezeshe kusoma chuo. Alikuwa amelenga Chuo Kikuu cha Illinois, lakini rafiki zake walimshawishi aende Notre Dame, karibu na mji wa South Bend katika jimbo la Indiana, kwa kuwa gharama zake zilikuwa nafuu na kazi za kujikimu zilipatikana. Basi mwaka 1910, akiwa na miaka 22, Mlutheri huyo aliingia katika chuo cha Kikatoliki kwa sababu ya mfuko wake, wala si kwa sababu ya imani.

Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1842 na Padre Edward Sorin wa Shirika la Msalaba Mtakatifu. Hilo ndilo shirika lililoleta wamisionari Uganda mwaka 1958, na mmoja wao, Vincent McCauley, akawa Askofu wa kwanza wa Fort Portal. Wakati wa Rockne, Notre Dame kilikuwa chuo kidogo, na wengi wa wanafunzi wake walikuwa watoto wa wahamiaji kama yeye, isipokuwa wao walikuwa Wakatoliki.

Pasi iliyotangaza jina

Rockne alikuwa na bidii darasani. Alisoma mambo ya kemia na dawa, akilipa sehemu ya gharama kwa kufanya kazi katika maabara, na mwaka 1914 alihitimu kwa heshima kubwa. Baadaye alibaki kufundisha kemia pamoja na Padre Julius Nieuwland, mwanasayansi ambaye utafiti wake ulisaidia kupatikana kwa mpira wa kutengenezwa viwandani.

Katika likizo ya mwaka 1913, yeye na mwenzake Gus Dorais walifanya kazi katika ufuko wa Cedar Point, kando ya Ziwa Erie. Saa za mapumziko walikwenda mchangani, Dorais akirusha mpira na Rockne akikimbia kuudaka. Tarehe 1 Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote, timu ya Notre Dame ilicheza na timu ya chuo cha kijeshi cha West Point. Wenyeji hawakuwatazamia wageni hao kuwa tishio. Wakashindwa kwa pointi 35 kwa 13, kwa pasi ndefu walizokuwa hawajazizoea. Pasi hiyo ilikuwapo tangu 1906, lakini siku ile Wamarekani wengi waliona kwa mara ya kwanza kwamba timu ya watu wepesi wenye akili inaweza kuishinda timu ya watu wazito wenye nguvu.

Majira ya kiangazi ya mwaka 1914 Rockne alimwoa Bonnie Skiles. Mungu aliwajalia watoto wanne, nao wakalelewa katika imani Katoliki. Baba aliendelea kuwa Mlutheri.

Kocha katika miaka ya chuki

Mwaka 1918 alikabidhiwa timu. Kwa misimu 13 aliyoiongoza, Notre Dame ilishinda mechi 105, ikapoteza 12 na kutoka sare 5. Misimu mitano ilipita bila kupoteza mechi wala kutoka sare. Kila kiangazi alifundisha makocha wa sekondari na vyuo mbinu zake, na wachezaji wake wengi walikwenda kuwa makocha, hivyo mafunzo yake yakaenea katika shule za nchi nzima.

Nyuma ya hesabu hizo kulikuwa na jambo zito zaidi. Miaka ya 1920 Wakatoliki wa Marekani walitazamwa na wengi kama wageni wasioaminika, watumishi wa Roma. Chama cha Ku Klux Klan, kilichowachukia watu weusi, Wayahudi, Wakatoliki na wahamiaji, kilikuwa na nguvu kubwa sana katika Indiana. Tarehe 17 Mei 1924 wanachama wake walikusanyika South Bend, na wanafunzi wa Notre Dame wakaingia mjini kupambana nao. Ilimlazimu Padre Matthew Walsh, rais wa chuo, kufanya kazi kubwa ya kuwatuliza vijana ili damu isimwagike.

Katika mazingira hayo timu ya Rockne ikawa faraja ya watu wanyonge. Ombi la chuo la kuingia katika umoja wa vyuo vikubwa vya ukanda huo lilikataliwa, na baadhi ya vyuo havikutaka kucheza nacho. Rockne akaichukua timu kwa treni kwenda New York, kusini na hata California. Kila ilikopita, wafanyakazi wa bandarini, wachimba migodi na watumishi wa majumbani wenye asili ya Ireland, Italia na Poland, ambao hawakuwahi kukanyaga chuo, walijaa viwanjani kuishangilia kama timu yao wenyewe.

Haki inatudai tuseme pia upande wa pili. Chuo hicho kilichoonja ubaguzi hakikuwafungulia mlango wanafunzi weusi hadi mwaka 1944, miaka mingi baada ya Rockne kufariki. Aliyedharauliwa naye aweza kudharau, na Wakatoliki hatukuepuka dhambi hiyo.

Asubuhi katika ukumbi wa hoteli

Tukio lililomgeuza Rockne ni dogo, na tunalijua kwa sababu yeye mwenyewe alilisimulia. Timu ilikuwa safarini mashariki kwa mechi ngumu. Usiku kocha hakupata usingizi kwa wasiwasi. Kabla ya mapambazuko alishuka na kuketi katika ukumbi wa hoteli. Mara akawaona wachezaji wake wawili wakipita kwa haraka kuelekea nje, kisha wengine, na wengine tena. Alipouliza, aliambiwa wanakwenda Misa kupokea Komunyo.

Hakuwa amewaagiza. Alijua jinsi usingizi ulivyo mtamu kwa kijana aliyechoka, na jinsi siku ya mechi ilivyohitaji nguvu. Siku hizo mwenye kutaka Komunyo alifunga tangu usiku wa manane bila kula wala kunywa. Hivyo vijana hao walipoteza usingizi na kuchelewesha chakula chao. Rockne aliona aibu, akaungana nao ili asionekane mkosefu wa heshima. Lakini picha ya vijana wale wamepiga magoti mbele ya altare haikumtoka. Alitambua kwamba walikuwa na nguvu ambayo yeye, mwalimu wao, hakuwa nayo.

Nyuma ya desturi hiyo alikuwapo padre mwenye bidii, John O'Hara, aliyesimamia malezi ya kiroho ya wanafunzi, na ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Philadelphia na Kardinali. Yeye alilishika kwa moyo wote fundisho la Papa Pius X kuhusu Komunyo ya mara kwa mara, akawalea wanafunzi wote kwalo, wachezaji wakiwemo.

Rockne hakukimbilia uamuzi. Alijifunza Katekisimu kwa muda, akisaidiwa na Padre Vincent Mooney. Tarehe 20 Novemba 1925, miaka 15 baada ya kufika Notre Dame, alipokelewa katika Kanisa Katoliki. Ibada ilifanyika katika kikanisa cha magogo kilichojengwa kwa mfano wa kile cha wamisionari wa zamani wa mahali hapo. Kesho yake alipokea Komunyo yake ya kwanza akiwa amepiga magoti pamoja na mwanawe mwenye jina lake, Knute mdogo, aliyekuwa na miaka saba. Mchana wa siku hiyohiyo timu yake ilikuwa nyuma kwa pointi 10 kwa 0 dhidi ya Northwestern, kisha ikashinda 13 kwa 10.

Mkristo aliyeendelea kujifunza

Wapendwa, tusidhani kwamba maji ya ubatizo yalimwondolea majaribu. Wiki chache tu baadaye, Desemba 1925, ilifahamika kwamba alikuwa ametia saini mkataba wa kuhamia Chuo Kikuu cha Columbia kwa malipo makubwa zaidi, ilhali bado alikuwa na mkataba na Notre Dame. Padre Walsh hakumng'ang'ania, alimwacha aamue. Rockne alitahayari, akajitoa katika mpango ule na kubaki.

Mwaka uliofuata alianguka kwa namna nyingine. Timu yake ilikuwa haijapoteza mechi hata moja, na ilikuwa iende Pittsburgh kucheza na chuo cha Carnegie Tech. Yeye aliiona mechi hiyo kuwa nyepesi, akamwachia msaidizi na kwenda Chicago kutazama mechi ya Jeshi la Nchi Kavu na Jeshi la Majini. Huko Pittsburgh vijana wake wakashindwa 19 kwa 0. Hakuwa na wa kumlaumu. Dharau ilikuwa yake.

Ipo pia habari maarufu ya George Gipp, mchezaji wake bora, mwenye kipaji kikubwa na mapenzi makubwa ya kamari. Gipp alifariki tarehe 14 Desemba 1920 kwa ugonjwa wa koo na mapafu, akiwa na miaka 25, baada ya kubatizwa kitandani. Miaka minane baadaye, tarehe 10 Novemba 1928, siku nne tu baada ya Al Smith, Mkatoliki wa kwanza kugombea urais kwa tiketi ya chama kikubwa, kushindwa uchaguzi, Rockne aliwaeleza wachezaji wake ombi ambalo alisema Gipp alimwachia kabla ya kufa, kwamba siku moja timu ishinde kwa ajili yake. Walishinda 12 kwa 6. Wanahistoria wengi wana shaka kama Gipp aliwahi kutoa ombi hilo, kwa maana Rockne hakuwa mgumu wa kuongeza chumvi ili kuwasha mioyo ya vijana. Basi tumpokee alivyokuwa, mtu mwenye upendo na ujanja pamoja.

Mateso nayo yalimfundisha. Mwaka 1929 damu iliganda katika mshipa wa mguu wake, na madaktari walihofia maisha yake. Aliiongoza timu akiwa katika kiti cha magurudumu, katika msimu ambao hakuna mechi iliyochezwa nyumbani kwa sababu uwanja mpya ulikuwa unajengwa. Walishinda mechi zote 9. Mwaka 1930, uwanja huo wenye nafasi za watu wapatao 54,000 ukiwa umefunguliwa, walishinda zote 10.

Jumanne ya Juma Kuu

Tarehe 31 Machi 1931, Jumanne ya Juma Kuu, Rockne alikuwa Kansas City akielekea Los Angeles kwa shughuli za filamu. Wanawe wawili walisoma katika shule ya bweni mjini humo, nao walikuwa wanarudi kutoka likizo kwa treni. Aliwangojea stesheni, lakini treni ilichelewa, na ndege yake haikungoja. Akaondoka bila kuwaona.

Ndege hiyo ilianguka katika malisho karibu na kijiji cha Bazaar, Kansas, na watu wote 8 waliokuwamo walikufa. Bawa lake, lililojengwa kwa mbao na gundi, lilikuwa limekatika angani. Rockne alikuwa na miaka 43. Kwa kuwa alijulikana na kila mtu, wananchi walidai maelezo, serikali ikazikagua kwa ukali ndege za aina ile, na mashirika yakaharakisha kuhamia ndege za chuma. Kifo chake kimewaokoa wasafiri wengi wasiolijua jina lake.

Alizikwa Jumamosi Kuu, tarehe 4 Aprili. Ibada katika Kanisa la Moyo Mtakatifu hapo chuoni, ikiongozwa na rais wa chuo, Padre Charles O'Donnell, ilirushwa kwa redio nchi nzima. Mamilioni ya Wamarekani wasio Wakatoliki, ambao miaka michache kabla walikuwa wakisikia Wakatoliki wakitukanwa hadharani, walisikiliza sala za Kanisa kwa ajili ya marehemu na kumlilia. Jeneza lilibebwa na wachezaji wake.

Tunajifunza nini?

Katika parokia zetu vijana wengi wanapenda michezo, na mara nyingi mechi za Jumapili hupangwa saa ileile ya Misa. Wazazi na makatekista huona uchungu, nao vijana hujiona kama wanalazimishwa kuchagua. Habari ya Rockne inamwambia kijana kwamba anaweza kuwa mchezaji hodari na bado akaamka alfajiri kwa ajili ya Ekaristi, na kwamba huenda yuko mtu anayemwona, kocha, mwalimu au hata mzazi, ambaye bado hajaupata mlango. Inawaambia pia walimu na makocha wasione haya kujifunza kutoka kwa walio chini yao. Rockne aliwafundisha vijana kudaka mpira na kusimama tena wanapoanguka. Wao, bila kunena, wakamfundisha kupiga magoti.

Tumwombee, yeye na vijana wale walioamka mapema. Raha ya milele uwape, ee Bwana.